Bega la Kushoto

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza, nimekula.

Nimefikia kwa wale rafiki zangu wa chuo cha ushonaji, Mapepe na Bi Harusi, ambaye mpaka leo hajaolewa. Tunalala watatu kitanda kimoja, na Mapepe bado anakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Usaili ulikuwa jana kiwandani. Hawakuwa na maswali mengi. Walinipa kitambaa, wakasema nishone shati la kiume. Nikashona bila wasiwasi. Msimamizi akaivalisha sanamu shati hilo, akaguna.

"Fundi, mbona bega la kushoto limeshuka?"

Baba, nilikuwa nimekushonea wewe. Tangu upande huo upooze, mashati ninayoshona ni yako tu, na mkono umezoea.

Nikamjibu, "Halina kosa, bosi. Mwenye shati ndiye hayupo."

Akacheka, akaniachia shati, akanipa kitambaa kingine. Kazi nimepata. Wanataka nianze Jumatatu.

Sijawajibu. Najua utasema nibaki huku. Wewe tangu lini ukakubali kubebwa? Basi shati lako hilo, nimelituma pamoja na barua. Mapepe amekata vifungo vya koti lake mwenyewe, vikubwa, vya kufungwa kwa mkono mmoja, nami nikavishona hapo. Livae. Ukiweza kuvifunga vyote peke yako, nipigie simu, nami nitabaki.

Na usimwite mama wa jirani akufungie, halafu useme umeweza. Nitamuuliza.

Binti yako,
fundi wa bega lako