Masikio ya Mukia wa Ndege

Kadutu, Bukavu

Muke wangu mupenzi, Mama Wabiwa,

Nakusalimu wewe, pamoja na mama yangu na mutoto wetu Wabiwa. Kifua ya mama imepona? Wabiwa anatembea sasa? Mimi mwili iko muzima, lakini roho iko peke yake. Majirani hapa wanaongea Mashi. Wakicheka, na mimi ninacheka tu, bila kujua sababu.

Unajua niko menuisier, fundi wa mbao, mu atelier, nyumba ya kazi ya wazungu wenye ndege zisizo na motere. Kamba inazivuta juu, kisha zinaelea ku upepo. Ku mukia kuna ubao wenye bawaba: mwenye kuendesha akivuta fimbo, ubao unapanda, na pua ya ndege inainuka.

Monsieur Armand, mukubwa wetu, alisema fimbo iko nzito, mukono unachoka. Akanichorea ubao mupya, wenye masikio mawili makubwa yanayotokea mbele ya bawaba, ili upepo uyasukume na kusaidia mukono. Nikamwambia:

— Monsieur, upepo ukisaidia sana, mukono hautasikia kitu.

— Wee randa mbao. Kufikiri iko kazi yangu.

Nikaranda.

Siku ya kujaribu alipanda peke yake. Akavuta kidogo, pua ikaruka, akasukuma, ikazama. Juu, chini, juu, chini, mpaka ikagonga kiwanja. Muguu wa monsieur ukavunjika. Wazungu wengine wakasema gundi niliyopaka ku ubao ilikuwa mbaya. Wenzangu wa atelier wakaogopa kuonekana na mimi. Majuma mengi nilikula peke yangu nyuma ya mbao, nikingoja kufukuzwa.

Mwishowe nilikwenda kwa monsieur, nikasimama ku barza ya nyumba yake. Akasema polepole:

— Mikono yako haina kosa. Kosa iko mu kichwa yangu.

— Basi, monsieur, sema vile mbele ya wengine.

Akageuza uso. Nilirudi Kadutu kwa miguu, nikalia njiani mbele ya watu.

Muguu ulipopona, aliniita nikate masikio yale. Nilibakiza kidogo tu. Ile ndege iko na viti viwili. Ku kiwanja akauliza wazungu:

— Nani anapanda na mimi?

Wakarudi nyuma. Nikasema:

— Mimi.

Wakacheka. Yeye hakucheka.

— Panda, Gabrieli. Na ninyi mujue, kosa ilikuwa yangu, si yake.

Mama Wabiwa, nilipanda! Kule juu akanipa fimbo. Ilikuwa inasukuma kiganja changu kidogo, ninasikia upepo ndani yake. Kisha akasema: «Achilia.» Nikaachilia. Pua ikashuka, ikainuka, ikatulia yenyewe. Niliona ziwa lote, na milima ya upande wa Mwenga. Kamituga kwetu sikuiona, hata nilipoitafuta sana.

Tuliposhuka, wazungu walimuzunguka monsieur. Wenzangu walikuwa wamerudi kazini. Nilibaki kando ya ndege, mudomo umejaa maneno, na hakuna mutu wa kuambia. Ndiyo maana ninakuandikia leo.

Unisalimie kaka yangu Mubila, muchimba dhahabu, na shangazi yako muuza mawese, na catéchiste, mwalimu wa dini, anayekusomea barua hii. Umwambie asome polepole, na ukitaka, arudie.

Ni mimi mume wako, ninayekuwaza kila siku,

Gabrieli