Miaka Tisa Ninabembeleza Gari Lisilonisikia

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kama utacheka basi ucheke ukiwa umekaa, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, nina tumbo, nina kipara kilichoanzia nyuma kwa kunivizia, ni karani wa masjala kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, na hili ninalotaka kukueleza sijamwambia hata mke wangu, ambaye kwa kawaida huyajua mambo yangu kabla yangu mwenyewe.

Tuko marafiki wanne: mimi, Kinyozi, mke wake ambaye ni muuguzi na mimi humwita shemeji, halafu Mwalimu, mstaafu wa hesabu, mtu asiyeweza kupita mbele ya bango la duka bila kulisahihisha. Mara mbili tatu kwa mwaka tunatoka kwenda kupiga kambi kwa vani kuukuu ambayo Kinyozi aliachiwa na mjomba wake, yenye vitanda vya kukunja, jiko la plati moja na sinki lisilowahi kuona maji, na tumeipa jina la Shangazi, kwa sababu ni kubwa, ina kelele, inatupenda sana, na siku ikinuna hakuna wa kuibembeleza. Mke wangu haji. Anasema hawezi kuacha kitanda kisichokunjika akalale kwenye kinachokunjika.

Sasa Shangazi ana tabia ya kuzimika mahali na kugoma kuwaka, na katika safari yetu ya pili, miaka tisa iliyopita, alituzimikia kwenye njia panda asubuhi tukiwa tumesimama kunywa chai, Kinyozi akafungua boneti akaitazama injini kama anavyotazama kichwa cha mteja aliyechelewa miezi mitatu, Mwalimu akapiga hesabu ya umbali uliobaki ingawa hakuna aliyemuuliza, shemeji akasema tusukume, na mimi kwa sababu ya mgongo wangu nikawekwa kwenye usukani, wakasukuma mpaka wakakaa chini, wapi! Jua kali, kundi la ng'ombe limesimama linatutazama, nami kwa kuchoka tu nikasema kwa sauti, "Shangazi, kama tumekukosea tusamehe, lakini usituaibishe mbele ya ng'ombe," na hapo hapo nikavuta mguu nyuma, nikazungusha ufunguo, Shangazi akanguruma.

Kinyozi alipiga magoti barabarani. "Umemwambia nini?"

"Nimemwomba tu."

"Hebu zima, umwombe tena!"

Nikazima, nikakaa vilevile, nikaomba vilevile, akawaka. "Jamani, huyu ana mkono!" Kinyozi akapiga kelele. "Si mkono," Mwalimu akamsahihisha, "ni mdomo."

Mshauri, nakuapia mpaka alasiri ile hata mimi niliamini. Halafu, tuliposimama kuweka mafuta, kalamu yangu ikaanguka chini ya kiti cha dereva, nikainama kuiokota, nikaona waya. Ni waya wa stata, fundi fulani aliupitisha hapo zamani, na kiungo chake kimelegea, kwa hiyo ukiukanyaga kwa kisigino vizuri gari linawaka, usipoukanyaga hata ulie haliwaki. Nikatoa mfukoni kipande cha tepu nyekundu tunayofungia mafaili, nikazungushia pale pa kukanyaga ili nisipotee. Tepu hiyo ipo mpaka leo, ingawa imefifia ikawa nyeupe kabisa, labda ni jua, ila bado inashika utadhani imefungwa jana. Vitu vya zamani vilikuwa imara.

Nilinyanyuka na mdomo wazi niwaambie. Lakini Kinyozi alikuwa ameshaanza kumsimulia mtu wa kituo cha mafuta, ananionyesha kwa kidole, na yule mtu akanivulia kofia. Mshauri, kazini kwangu nikisema dirisha lifungwe, wanafungua la pili. Nyumbani rimoti ya televisheni huwa naisikia tu ikitajwa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani watu wazima watatu wananyamaza kunisubiri mimi niseme. Nikafunga mdomo.

Tangu hapo mambo yamekua. Sasa nina kofia maalumu ya kuzungumzia na Shangazi. Maneno yameongezeka, namkumbusha ujana wake, namsifu matairi, namwombea. Nikianza, Kinyozi huwaambia wenzake, "Jamani tugeuke, Shangazi anaona haya," wote watatu wanageuka kunipa mgongo, na nikichungulia naona mabega yao yanatetemeka, hasa ya shemeji, kwa jinsi maneno yanavyowagusa. Mwalimu huniandika kwenye daftari.

Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo, kwa sababu madaraka yalinipanda kichwani. Niliwaambia Shangazi hapendi nikilala upande wa mlangoni, nikapewa kitanda cha dirishani miaka saba mfululizo. Niliwaambia nikiosha vyombo mkono wangu unapoteza nguvu, basi shemeji, ambaye tayari ndiye anayefagia gari na ndiye anayetibu kila kitu kwa plasta yake nyeupe ya hospitali, kuanzia vidole vyetu mpaka mkono wa miwani ya Mwalimu na pazia la Shangazi, akaongezewa na vyombo vyangu. Na mwaka juzi Mwalimu alipoliita gari "kopo," nilimsimamisha juani dakika ishirini bila kofia aombe radhi. Mzee wa watu aliomba. Alitumia na maneno magumu.

Sasa shida. Jumamosi hii wanaondoka, na mimi siendi, kuna ukaguzi wa mafaili na likizo zote zimefutwa. Juzi wamekuja nyumbani wote watatu, nikasema kwa kujikaza, "Jamani ahirisheni."

"Haiwezekani," Kinyozi akasema, "mahali pa kambi tumeshalipia."

"Sasa na Shangazi?"

"Shem," shemeji akasema kwa upole, "tunaomba uturekodie yale maneno kwenye simu. Dakika zako nne zile."

"Tano na nusu," Mwalimu akasema. "Nina kumbukumbu."

"Na kofia utatuazima?" Kinyozi akauliza. Mke wangu alikuwa anapita na sinia la chai, akaitazama kofia yangu ukutani, akakohoa.

Mshauri, huko wanakokwenda ni nyuma ya milima, saa tatu kutoka kwenye lami, hakuna mtandao wala gari linalopita. Nikinyamaza, marafiki zangu watakaa porini wakilisikilizisha gari sauti yangu mpaka betri ya simu iishe. Nikisema, nitakuwa mtu aliyewadanganya watu wema miaka tisa, akamsimamisha mzee juani, na sidhani kama watanialika tena, na nitarudi kuwa karani tu, bila hata gari la kunisikiliza. Nifanye nini? Tafadhali nijibu kwenye toleo la Alhamisi.

Ni mimi,
Msemaji wa Shangazi

*

Ndugu Msemaji,

Nilikaa kabla ya kusoma kama ulivyoagiza, na bado nilimwaga chai.

Pole kwa ukaguzi. Kwa mengine ngoja kwanza nikugombeze, pole itafuata kama itabaki.

Wewe ni karani wa masjala. Miaka ishirini na sita unasoma mafaili ya watu, lakini faili lako mwenyewe umelishika juu chini. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya pili kwa sauti, mume wangu akisikiliza, na sote wawili tukasimama kwenye tepu. Ndugu yangu, tepu nyekundu ya mafaili haifi ikafufuka nyeupe. Unasema labda ni jua. Jua gani hilo linalowaka chini ya kiti cha dereva? Mimi nina mafaili humu ofisini yamekaa dirishani tangu kabla sijaota mvi, na tepu yake imekuwa ya waridi, kisha imekatika. Yako inashika utadhani imefungwa jana. Inawezekana ilifungwa jana.

Sasa jiulize kama mtu mzima. Ndani ya gari hilo, nani anafagia? Nani anaingiza mkono chini ya viti? Na nani anatembea na plasta nyeupe ya hospitali, akiona kitu kimelegea anakifunga?

Kunywa maji, halafu tuendelee.

Yule aliyewaambia wenzake wageuke hakufanya hivyo kwa sababu vani inaona haya. Aligeuza watu ili uinyooshe miguu yako kwa raha. Mabega uliyoyaona yakitetemeka yalikuwa yanatetemeka kweli, hapo hukukosea. Na huyo Mwalimu wako, anayesahihisha mabango ya watu asiowajua, unadhani angekuachia kosa kubwa namna hiyo miaka tisa bila kulipigia mstari, kama hakuwa na sababu? Mke wako pia alikohoa. Mimi nimeolewa miaka ishirini na tisa, kikohozi hicho nakijua, huwa nacho mwenyewe.

Tena ona walichokuomba. Hawakukuuliza, "Shangazi anawashwaje?" Watu watatu wenye akili wanakwenda porini bila mtandao, na swali hilo hawakuliuliza. Wameomba dakika zako tano na nusu, na kofia. Gari watawasha wenyewe. Wanachokosa ni wewe.

Usianze kujifuta machozi, sijamaliza. Uongo wako wa waya, mimi sina ubavu wa kuuhukumu. Hapa mtaani ninasifiwa kwa mkono wangu wa maua, watu wanakuja kupiga picha kibarazani kwangu, na anayemwagilia ni jirani. Nilidhani ni siri yetu wawili mpaka wanangu walipompelekea yeye kadi ya pongezi. Kwa hiyo waya nimekusamehe. Vyombo sikusamehe! Mwanamke anashinda wodini anainua wagonjwa, anakuja kupumzika, na wewe una mkono wa ajabu usioweza kushika sponji? Miaka mingapi hiyo? Na kitanda cha dirishani! Na mzee kusimamishwa juani dakika ishirini, kwa sababu ya neno kopo, ambalo kwa maelezo yako mwenyewe si tusi, ni maelezo. Wenzako walikuachia mchezo, wewe ukaugeuza cheo. Ndiyo maana unaogopa. Wala si waya unaokutisha.

Sasa fanya hivi. Leo ni Alhamisi, ukitoka kazini pita duka la dawa, ununue boksi la plasta nyeupe, ile pana. Nenda moja kwa moja kwa Kinyozi. Usiende na hotuba, nakujua. Mpe shemeji yako boksi mkononi, umwambie, "Ya chini ya kiti." Basi. Kisha funga mdomo, najua itakuuma.

Akicheka, au akisema "Ahsante shem, iliyopo imeanza kulegea," umepona, vua viatu uingie. Lakini akikuuliza "Kiti gani?" basi mimi nimekosea, na mshauri aliyekosea anasema wazi: hapo hapo wakalishe wote, uwaeleze waya, uwaonyeshe pa kukanyaga, na usiondoke mpaka kila mmoja amewasha gari kwa kisigino chake. Hakuna rafiki wa kuachwa nyuma ya milima kwa sababu ya heshima yako. Wakikasirika, wakasirike wakiwa karibu na lami.

Kabla hujatoka humo, nenda jikoni kwao ukaoshe chochote utakachokikuta kwenye sinki. Usitangaze, osha.

Kwa Mwalimu utasubiri warudi. Siku hiyo simama mbele ya Shangazi, bila kofia, saa sita mchana, dakika ishirini, na yeye ashike saa. Akisema zimebaki tatu, zimebaki tatu.

Na rekodi? Warekodie, tafadhali. Usipunguze hata sekunde, na sifa za matairi usizisahau. Anza na habari za ng'ombe, hapo ndipo palipotuchekesha sisi huku, nami sijawahi hata kuliona hilo gari. Wakishasimama huko nyuma ya milima watageuka wote kuipa mgongo simu, mabega yatetemeke, na mmoja wao ataingiza kisigino chini ya kiti, polepole, asikukatize.

Mshauri wako