Mtahiniwa Namba Moja

Ruhuwiko, Songea
8 Februari 1998

Mdogo wangu Baltazar,

Natumaini wewe na wifi Jane hamjambo na joto la Dar es Salaam. Mimi mzima, ni mafua tu ya mvua hizi.

Laptop uliyomuuzia mkuu wangu wa shule, Mzee Kajetani, imenichefua. Nimeingiza wasichana wangu wote wa kidato cha nne. Kwenye kioo wapo arobaini, nikichapa kwenye karatasi wanatoka thelathini na tisa. Jina la kwanza linamezwa kila mara. Wa kwanza ni Agape, na leo amemezwa mara tano. Orodha inatakiwa ofisi ya mitihani hapa mkoani kabla ya tarehe 31 Machi, na asiyekuwemo hafanyi mtihani.

Nilitaka kuandika kwa mkono. Mzee akasema hakununua mashine iwe pambo, ingawa pambo ndivyo ilivyo: mzazi akija inafunuliwa aione, akiondoka inafunikwa kitambaa cha kufuma. Naishika kwa kinyaa, kama sahani aliyolamba paka. Niambie la kufanya.

Dada yako,
Fausta


Kariakoo, Dar es Salaam
21 Februari 1998

Dada Fausta, shikamoo.

Sisi hatujambo, mtoto ameota meno mawili. Pole na mafua.

Ugonjwa huo tunaujua. Walioitengeneza programu wameshaandika marekebisho, yamo kwenye disketi, na disketi imeshatoka Dubai. Nipe wiki mbili. Ikiingia tu, mashine inapona. Tafadhali usiandike kwa mkono, na usimlalamikie Mzee Kajetani, ameniagiza nyingine mbili. Subira yavuta heri, dada.

Mdogo wako,
Baltazar


Ruhuwiko, Songea
16 Machi 1998

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na pongezi kwa meno ya mtoto. Afya yangu nzuri, roho ndiyo mbaya.

Wiki mbili zimepita na nyingine juu yake. Ngojangoja huumiza matumbo. Basi la Dar likiingia mimi niko stendi, hata makondakta wamenipa jina. Wananiona tu, wanasema, "Bado, mama disketi."

Nimejitengenezea dawa ya kienyeji. Juu ya Agape nimeweka jina la kuliwa. Mashine inameza hilo, wasichana wangu arobaini wanatoka salama. Nilifikiri sana nani anastahili kumezwa, nikakuweka wewe. Baltazar Komba, namba moja. Inakumeza bila kutafuna, na kila nikichapa naona raha kidogo, Mungu anisamehe.

Nitachapa orodha ya mwisho tarehe 30, nikitoka Mbinga kuhakiki tarehe za kuzaliwa za wasichana wawili.

Dada yako,
Fausta


Kariakoo, Dar es Salaam
25 Machi 1998

Dada, shikamoo.

Umenichekesha, ila usiwasimulie wateja. Disketi imefika na nimeshaipakia kwenye basi la leo. Nimeiandika kwa jina la Mzee Kajetani, maana yeye ndiye mteja, afurahi kuipokea mwenyewe. Sasa utalala usingizi.

Mdogo wako,
Baltazar


Ruhuwiko, Songea
20 Mei 1998

Baltazar,

Hujambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Niliporudi kutoka Mbinga nilimkuta Mzee Kajetani anameremeta. Ameitia disketi kwa mkono wake, amechapa orodha, amegonga muhuri, bahasha imekwenda. Nikamwuliza jina la juu kabisa ni la nani. Hakusoma majina, alikuwa anatazama wino.

Mashine yako imepona, Baltazar, haimezi tena mtu. Wewe ndiye mtahiniwa namba moja wa shule ya wasichana. Na kwa kuwa shule imeruhusiwa nafasi arobaini tu, wa arobaini na moja amekatwa kwa kalamu nyekundu. Ni Zuhura, binti wa Swalehe, fundi cherehani wa Lizaboni. Ndiye anayeongoza darasa. Amekaa nyumbani anashona vifungo, na baba yake kila akiniona ananiamkia kwa adabu mpaka natamani anitukane.

Nimeiandikia ofisi ya mitihani kuomba radhi. Wamejibu kwamba namba moja atatoka kwa kiapo chake mwenyewe mahakamani, au kwa kifo, na nafasi apewe aliyekatwa. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Jina nililiweka mimi, kosa ni langu, na nimeshamwambia hivyo Mzee. Wewe ninakuomba kitu kimoja tu. Nenda ukaape kwamba ni mfanyabiashara, si mwanafunzi, na jina lako lilikuwepo kwa ajili ya ubovu wa mashine.

Dada yako,
Fausta


Kariakoo, Dar es Salaam
9 Juni 1998

Dada, shikamoo.

Poleni na baridi ya huko. Nimefikiri sana. Nikiapa kwamba mashine niliyouza ilikuwa mbovu, karatasi hiyo itasomwa. Kuna ofisi moja inataka laptop ishirini, na mazungumzo yamefika pazuri. Sasa si wakati.

Lakini wao wenyewe wameandika "au kwa kifo". Basi waandikie nimekufa. Ni karatasi tu dada, nani atanitafuta? Mtoto atafanya mtihani, na sisi hatutapoteza kitu.

Mdogo wako,
Baltazar


Ruhuwiko, Songea
2 Julai 1998

Baltazar,

Sikuulizi hali.

Nilisoma barua yako mara mbili. Kisha nikaandika kama ulivyonielekeza. Sikukosea hata herufi moja, na hilo linanitia kinyaa kuliko hata mashine yako. Mzee Kajetani aligonga muhuri bila kusoma.

Wamekubali. Zuhura amerudi darasani Jumatatu.

Jana Swalehe alikuja hapa kwangu na kanzu yake ya Ijumaa na kilo mbili za sukari. Alikuwa amesikia shuleni kwamba binti yake kapata nafasi ya marehemu, na kwamba marehemu ni wa kwetu. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mwalimu. Alikuwa nani wako?"

Nikamwambia alikuwa mdogo wangu. Akasoma dua, nami nikaitikia amina. Sikuona kama namdanganya.

Fausta Komba