Dereva Hakutuuza

Rubondo, Nakivale

Kwako yaya wangu Asukulu, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vilima vya ugeni. Umeamkaje? Goti bado linakusumbua mvua ikinyesha? Mama anakula vizuri? Mimi, mke wangu na watoto tunapumua, Mungu asifiwe. Mahindi yametoka kidogo, maharage mvua imeyaozesha. Tangu tulipotoka Kabazana, pale wanapopokelea wakimbizi, tukapewa kiwanja hiki, haijapita siku sijatamani samaki wetu mukeke wa kuchoma, na sauti yako ukiniita, "We mudogo, kuya tule!"

Yaya, kazi yangu mpya utaicheka. Ninatafsiri filime. Kuna kibanda cha video hapa Rubondo. Mwenye kibanda hununua sidi za filime Mbarara, mimi ninashika mikro na kusema kwa Kiswahili yale wanayosema wazungu. Kiingereza nilikiokota Nyamitanga, kule Mbarara, nilipokuwa mtunza bustani shuleni.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliweka filime ya kampanye. Mtu anagombea ugavana, na anaye msaidizi wa kumwandikia hotuba. Wanakula sahani moja. Mpinzani akamwita yule msaidizi kando, akamwahidi cheo kikubwa. Naye msaidizi akampa hotuba zote za mkubwa wake. Watu kibandani wakapiga kelele, "Yuda uyo!" Mimi nikashusha mikro.

"Tafsiri!" wakaniita. "Mikro imekufa?"

Katika picha, msaidizi alikuwa amekaa garini, anatazama nje, hasemi neno. Lakini mimi nikamsemea: "Yaya, unisamehe. Ni mimi niliyekuuza. Nilitaka na mimi niitwe mkubwa." Nikaendelea hivyo mpaka picha ikabadilika.

Tulipotoka, Mama Furaha, jirani yetu anayeuza unga, akanishika mkono.

"Ule kijana alikuwa amefunga mudomo," akasema. "Ni nani alikuwa anaomba musamaha?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa unatuomba sisi? Sisi ulitukosea nini?"

Nikarudi nyumbani nikatafuta karatasi. Ndiyo maana ninakuandikia.

Yaya, kumbuka kampanye yako ya ubunge. Kila kijiji tulichofika, mpinzani wako alikuwa amepita jana yake, ameahidi daraja lile lile na dispensari ile ile, kwa maneno yako mwenyewe. Pale sokoni walikucheka: "Umeiba maneno ya mwenzako!" Ukashuka jukwaani, kofia mkononi, ukaniuliza, "Mudogo wangu, ni nani anatuuza?"

Nikajibu, "Ni dereva."

Ukamfukuza dereva wako Byaombe siku ile ile, mtu uliyekua naye tangu mkiwa watoto. Aliapa kwa wanawe. Hukumsikia, kwa sababu uliniamini mimi.

Ni mimi niliyenakili daftari lako, ukurasa kwa ukurasa. Yule mpinzani wako aliniahidi kiti katika biro yake, ofisini Uvira. Aliposhinda, nilikaa siku tatu mlangoni kwake, nimevaa koti ulilonishonea. Siku ya tatu mlinzi akatoka, akaniambia, "Mheshimiwa anasema hakujui." Vita vilipofika, wote walidhani nimekimbia risasi. Risasi zilikuwepo, yaya, lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kukukimbia wewe.

Siombi uniite nyumbani. Ninatamani mno, hata harufu ya mawese ya jirani ikinipitia nasimama njiani kama mgonjwa. Lakini ninaomba jambo moja tu: kabla hujanijibu, nenda kwa Byaombe. Umshike mkono mbele ya watoto wake, uwaambie baba yao hakuuza mtu, aliyeuza ni mdogo wako. Akitaka kunilaani, umwache anilaani.

Nisalimie baba mdogo mchungaji, na shangazi wa sokoni. Shemeji, mke wako, aliyekuwa akinifichia kichwa cha samaki, mwambie sijasahau. Watoto wako waambie wanaye baba mdogo Uganda. Mengine utawaambia wewe ukiona yafaa.

Na mama, kwa kuwa hajui kusoma, umsomee barua hii kwa sauti. Usiruke fasi yoyote, hata mstari mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mulonda