Ufunguo Wangu Ulio Mkononi Mwako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.

Jumapili asubuhi, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Feni,

Kosa la watu wengi wanapoandika barua ya ugomvi ni kurukia ugomvi na kuacha salamu. Msomaji anaikunja kabla hajafika katikati, na hoja nzuri inaishia kuwashia jiko. Mimi nitakusalimu kwanza. Ugomvi upo, hauna pa kukimbilia. Umefungwa kwa kufuli.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepata nafuu tangu mlipobadilisha godoro, au bado anaamka ameshika kiuno? Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa: marahaba. Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika, barabara zimekauka, na vumbi lililonipa jina limerudi mahali pake.

Mimi mwenyewe ni mzima wa kutosha kukuandikia kurasa hizi kwa mkono wa kulia, mkono uleule mliouzungumzia kwenye kikao cha familia kama vile umekwisha kuzikwa. Daktari aliifungua bandeji wiki iliyopita, akaniambia nikunje ngumi na kuikunjua, akasema kifundo kimerudi sawasawa. Utazame mwandiko. Unatetemeka?

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Nimekupigia. Kila mara anapokea wifi na kusema uko bafuni. Mdogo wangu, hakuna mtu anayeoga hivyo. Nikaona heri barua, maana barua haikatwi kauli.

Nikukumbushe kwanza tulikotoka. Ulipoinunua ile baiskeli yako ya mazoezi ya ndani na kuielekeza kwenye feni, nilicheka mpaka wenzangu ninaoendesha nao baiskeli barabarani kila Jumapili wakataka kujua kuna nini. Nikawaeleza, wakakubatiza Bwana Feni, na hadi leo hawajawahi kukuona. Wewe nawe ukaniita Mama Vumbi. Hapo tulikuwa sare. Kisha ukanirushia neno moja: "Wewe mteremko unakubeba, dada. Mimi sijawahi kubebwa hata mita moja."

Mimi ni mpima ardhi. Nimekula mshahara wa miteremko mpaka nikastaafu. Nilichukua karatasi nikaichora njia yangu, kutoka lango langu hadi kwenye tangi la maji kule kilimani na kurudi, nikakuta ni kweli. Wakati wa kurudi, kwa sehemu kubwa ya njia mimi hukaa tu nikipigwa upepo, na mlima unalipa deni lake. Wewe ukiacha kukanyaga, umesimama. Nilikupigia siku ileile nikakiri, nawe ukakiri kwamba chumbani kwako hakuna mbwa, hakuna shimo, hakuna upepo wa mbele na hakuna kona. Ndivyo mashindano yanavyopaswa kuwa. Kila mtu anajivunia jasho lake na kulitambua la mwenzake.

Mvua zilipoanza, binti yangu aliniletea baiskeli ya ndani, akaiweka sebuleni karibu na dirisha ili nisiteleze kwenye tope. Niliikubali kwa sababu moja tu: nilitaka kukushinda nyumbani kwako. Lakini hukuwahi kuniambia habari ya joto. Nje, upepo unakufuta jasho kadiri unavyokwenda. Ndani unakaa kwenye mvuke wako mwenyewe kama wali uliofunikwa. Siku ya kwanza jasho lilidondoka kwenye mkeka kama paa linalovuja, na nilikuwa sijafika hata nusu ya njia ya tangi. Nikanunua feni.

Yule fundi cherehani tunayemwita Breki, kwa sababu kila mteremko anaushuka amebana breki mpaka mipira inanuka, alikuja kuleta mapazia akanikuta mbele ya hiyo feni. "Kumbe ni ukoo mzima," akasema, akaweka mapazia kwenye kochi akaondoka bila kuaga, akawahi kuwatangazia wenzetu wa Jumapili.

Basi mvua zote nilizimalizia sebuleni, jioni kwa jioni, tukipigiana simu kutajiana kilomita. Ulinishinda, na nilisema umenishinda. Hayo yote unayajua. Usiyoyajua, au unayojifanya huyajui, ni haya yanayofuata.

Siku nilipoanguka, watu wote waliuliza swali moja: ameangukia wapi? Walipoambiwa njia panda ya duka la Breki, kazi ikaisha. Njia panda ni barabara, barabara ni hatari, baiskeli ya nje ifungwe. Hakuna aliyeuliza ameangukaje. Katika kazi yangu, mtu aliyeona nyumba imepasuka ukuta akauliza tu iko mtaa gani, hatukumpa hata kigingi ashike.

Nilianguka hivi. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya jua. Nimetoka vizuri, kifua kinapumua, miguu ina nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nguvu hiyo nilikuwa nimeipata kwako. Pale njia panda mkokoteni wa matofali ulikuwa unavuka. Nikashika breki kwa adabu, baiskeli ikasimama. Nami nikakaa juu yake, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedali, nikingoja mkokoteni upite, kama nilivyokuwa nikikaa sebuleni kila nilipotaka kunywa maji. Nikangoja. Baiskeli haikungoja. Tulilala upande wa kulia, taratibu kabisa, kama gunia la saruji lililochoka kusimama.

Hakuna gari lililonigusa. Hakuna shimo. Hakuna mwendo wowote; nilianguka nimesimama. Breki alikuwa nyuma yangu, aliona yote. Alinishika kwapani, akanikalisha kwenye ngazi ya duka lake, ndipo akasema: "Mama Vumbi, umesahau kushusha miguu, au ulidhani umefika?" Nilicheka huku mkono ukivimba.

Unaona kosa liko wapi? Miezi ile ya mvua niliufundisha mwili wangu kwamba baiskeli husimama yenyewe. Mwili ni mwanafunzi mtiifu. Ulichoufundisha ndicho utakachojibu siku ya mtihani. Kilichoniangusha kilitoka sebuleni. Na sasa wanangu wameifunga ile ya barabarani na kuniachia ile ya sebuleni. Wameficha dawa na kuniachia ugonjwa.

Niliwaeleza haya kikaoni, nawe ulikuwepo, kwenye ile simu iliyowekwa katikati ya meza kati ya vikombe. Binti yangu mfamasia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mama, kusahau kushusha miguu ndiyo uzee wenyewe." Kaka yake akainamisha kichwa. Neno lile liliingia. Mimi mwenyewe kwa kitambo kidogo niliona huenda ni kweli.

Halafu nikakukumbuka wewe. Wewe mwaka jana, ambaye mvi zako zinahesabika, uliazima baiskeli ya jirani ujaribu barabara. Ulikwenda kwa nguvu kama farasi mpaka kwenye kona ya kwanza, na kona ikapinda, wewe hukupinda. Ukaingia mzimamzima kwenye ua wa miiba wa mwenye nyumba wako. Wifi ulimwambia ni paka amekuparura. Ukweli uliniambia mimi peke yangu, tukacheka mpaka nikakohoa, nawe ukanieleza mwenyewe, kwa maneno yako, kwamba mikono yako ilikuwa imesahau kuwa usukani una kazi. Je, huo nao ulikuwa uzee?

Nilingoja useme. Pale mezani simu ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia feni yako ikizunguka. Neno moja tu lingetosha: hata mimi yalinikuta. Badala yake binti yangu alipopendekeza ufunguo wa kufuli upelekwe kwa mjomba, kwa kuwa ukibaki huku kaka yake atanionea huruma siku ya pili, ulisema, "Sawa, nitautunza." Bandeji haikuniuma kama hayo maneno mawili.

Sitaipeleka siri yako kwa wifi, wala kwa wanangu. Siuzi siri ya ndugu hata kwa bei ya uhuru wangu. Ukitaka isemwe, utaisema wewe.

Usidhani namlaumu binti yangu. Ndiye aliyenisafisha vidonda, na nilisikia pumzi yake ilivyokuwa. Anaogopa, na hofu yake naiheshimu. Lakini hofu si kipimo. Kipimo ni kipimo.

Sasa nikueleze kufuli limefunga nini. Baiskeli iko stoo, imefungwa kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, tairi la mbele limeanza kukaa chini. Tangu siku hiyo naenda ninapopelekwa. Nikitaka kumwona rafiki yangu mgonjwa, nangoja binti atoke kazini, na akitoka amechoka, namwambia haidhuru, kesho. Rafiki yangu ameniuliza kama nimemsusa. Nikitaka uzi kwa Breki, naagiza. Jumapili asubuhi wenzangu wanapita chini ya dirisha langu, kila mmoja anapiga kengele mara moja, Breki mara mbili, nami niko juu ya baiskeli yangu ya sebuleni nikiitazama migongo yao ikipotea kwenye kona. Nimeipima ardhi ya mji huu yote, mdogo wangu. Sikuipima ili niiangalie dirishani.

Breki alikuja na msumeno wa chuma ameufunga kwenye gazeti kama samaki. Alisema dakika chache tu, na mnyororo atauomba radhi yeye. Nilimrudisha. Kitu changu sikiibi. Nikikata lile kufuli, wanangu watanunua kubwa zaidi, na watakuwa na haki ya kusema mama amepungukiwa na akili. Nataka lifunguliwe kwa ufunguo wake, mchana, binti yangu akiwa nyumbani, na litakapofunguka ajue kwamba mjomba wake ameutuma kwa hiari yake.

Wala sikukaa bure kungoja. Kosa likishajulikana linafundishika. Kila jioni sebuleni, kabla sijashika chupa ya maji, nashusha miguu mpaka nyayo ziguse sakafu. Kushoto, kulia, ndipo maji. Mwanzoni nilikuwa nasahau. Sasa miguu inashuka yenyewe hata nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kulia chakula, na binti yangu amekwisha kuniuliza nina nini chini ya meza. Nitaanza na uwanja wa karakana ya seremala, asubuhi kabla hajafungua, nikisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, Breki akiwa pembeni. Tangi la maji litafuata. Baiskeli ya ndani sitaitupa, ina mema yake na wewe ndiye uliyenionyesha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi hata koleo halikuvunjika, liliteguka tu.

Nawe fanya vivyo hivyo. Hata mara moja kwa juma toka nje, uzunguke nyumba taratibu, uikumbushe mikono kazi ya usukani. Usiazime ya jirani, keshajua.

Nakupa na changamoto. Jumapili ya kwanza baada ya mnyororo kufunguliwa, mimi nitapanda hadi kwenye tangi na kurudi, wewe utapanda hukohuko kwako kilomita zilezile, tukianza saa moja. Mteremko nitakutolea, hautahesabiwa. Ukinishinda, nitakuamkia shikamoo kwa simu, mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, mbele ya wifi na watoto wote wakisikia. Umri wangu wote sijawahi kumpa mtu ahadi nzito kama hiyo. Lakini huwezi kumshinda mtu aliyefungiwa baiskeli. Huko si kushinda, ni kulinda geti.

Nisalimie wifi yangu. Mwambie kiuno akikande kwa maji ya moto, na asikubali tena kutumwa kusema uko bafuni. Msalimie kifunguamimba wako na mkewe. Mwambie kitindamimba shangazi yake anangoja habari za mtihani, ziwe nzuri ziwe mbaya. Breki anakusalimu, anauliza feni yako ina spidi ngapi. Mungu akulinde, akupe miguu isiyochoka na ujasiri wa kusema unalolijua wakati linapohitajika.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo. Ina anuani yangu na nimekwisha kuibandika stempu. Utie ufunguo humo, uipeleke posta leo.

Dada yako akupendaye, hata ukiwa umemfungia,

Mama Vumbi