Karamu ya Kumpokea Donatien

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Nimeamka vidole vimekufa ganzi. Nimekanda unga, nimechoma mikate, nimeiuza pale kwenye kona, nimeenda shuleni. Mwalimu Ilunga aliuliza umeme wa Likasi unatoka wapi. Darasa zima likaitika "Koni!", jina la bwawa letu, kama watoto wa shule ya msingi. Mimi sikuitika. Nilikuwa nimesinzia macho wazi.

Nimepita arobaini. Wenzangu wa section ya elektroniki ningeweza kuwazaa. Wananiita Mama. Tunatengeneza taa za chaji, kuanzia kibao na waya mpaka kifuniko. Mtihani wa mwisho ni kuunda moja nzima mbele ya jury ya walimu, na iwake. Section nyingine ya shule yetu ni ya kupanga sherehe. Nadège, binti yangu, yuko kule. Sisi tunawaita watu wa feti. Wao wanatuita watu wa moshi, kwa ajili ya kuchomelea waya.

Nimechoka. Sina zaidi ya kuandika.

Jumatano, 4 Juni

Nadège amechagua kazi yake ya kumaliza. Kila mwanafunzi wa sherehe lazima apange sherehe ya kweli, wageni wa kweli, na walimu waje kuitazama. Wenzake wamechukua harusi na ubatizo. Yeye amechukua kurudi kwa baba yake.

Donatien anatoka gereza la Buluo Ijumaa, tarehe 20. Kifungo kimekwisha. Nadège anataka karamu Jumamosi yake, hapa uani. Maturubai, viti, muziki, pasta wa kanisa, mtaa mzima.

Nilikataa. Akasema, "Mama, weye iko na haya ya papa." Nikasema ndiyo. Hakutegemea jibu hilo. Wala mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike mara moja, nisizunguke. Mume wangu alikata waya za umeme za mtaa huu. Si mtaa wa mbali. Huu tunaoishi. Alikuwa ameacha kuchimba kule mgodini Kamatanda, mgongo umeharibika, akaanza kushinda na watu wanaouza shaba. Walimkamata waya zikiwa bado begani.

Mtaa ulikaa gizani msimu mzima wa mvua. Mama Kapinga, tunayepakana naye ukuta, alikuwa na friza za samaki wa biashara. Wote wakaoza. Harufu ilituingia ndani, tukala nayo bukari, ugali wetu. Tangu siku zile hanisalimii. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vibaya zaidi.

Sasa Nadège anataka kumpelekea mwaliko.

Jumapili, 8 Juni

Buluo. Nimepeleka mkate na sombe ya majani ya muhogo. Donatien amekonda, shati linamzunguka. Nilimweleza habari ya karamu. Akauliza nani atakuja. Nikamwambia labda hakuna mtu.

"Afazali," akasema.

Kuna siku ninamkasirikia mpaka meno yananiuma. Leo hapana. Leo nilitaka tu kujinyoosha juu ya lile benchi la wageni nilale.

Jumanne, 10 Juni

Nimejiunguza. Nilisinzia na chuma cha kuchomelea mkononi. Kibao changu kimeungua, na kiganja pia. Mwalimu Ilunga alinipeleka mwenyewe kwenye bomba la maji. Akanishauri nisimame, nirudi mwakani nikiwa nimepumzika. Alisema kwa upole. Niliuchukia upole wake.

Sisimami. Nilipojiandikisha Donatien alikuwa amefungwa karibuni tu. Watu walicheka, bibi ya mwizi wa waya anaenda kusoma waya. Nilijiandikisha kwa sababu mikate peke yake haitoshi, na kwa sababu walicheka. Yote mawili.

Nani atanipumzisha mwakani?

Alhamisi, 12 Juni

Nadège amepita nyumba kwa nyumba na mialiko. Amerudi. Nikamwuliza Mama Kapinga alisemaje. Eti aliipokea karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akauliza, "Samaki itakuwa?" Akafunga mlango.

Nimecheka. Halafu nimelia kidogo, mikono yote unga.

Jumatatu, 16 Juni

Mtihani. Taa yangu iliwaka, ikazima. Jury wakangoja. Nilijua kosa liko wapi, lakini mkono wenye bandeji haushiki kitu kidogo. Muda ukaisha. Nitarudia tarehe 26.

Wenzangu karibu wote wamefaulu. Walitaka kunikumbatia, nikajifanya natafuta begi. Nimerudi kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Sikusikia uchungu. Sikusikia kitu.

Nyumbani Nadège alikuwa anachora viti kwenye karatasi, nani akae wapi. Hakuniuliza. Aliniangalia usoni, akaenda kunichemshia chai.

Alhamisi, 19 Juni

Donatien ametoka leo, siku moja kabla. Ametembea kutoka barabara kubwa na mfuko wa plastiki. Nilikuwa peke yangu. Tulisimama mlangoni kama wageni wawili waliokosea nyumba. Nikampa maji ya kuoga. Nikasonga bukari. Alikula polepole akiuangalia mlango.

"Mama Nadège, ile feti tuiache," akasema. "Bantu batakuya kuniangalia sawa nyani. Siwezi."

Nikamwambia, "Utakaa. Mutoto alitumika kazi. Minye pia nilitumika, tangu ulienda sijapumzika. Weye kazi yako ni kukaa tu pa kiti."

Sikupandisha sauti. Sauti ya kupandisha sina. Alinawa mikono akakubali.

Jumamosi, 21 Juni

Ninaandika jioni, miguu ndani ya beseni.

Nadège alianza na mwanga wa alfajiri. Kufikia saa sita uwanja wetu siujui tena: maturubai ya buluu, viti vimefungwa vitambaa, chupa za sukre, soda zetu, ndani ya maji baridi. Walimu wake wawili walikaa mbele na kalamu. Kusema kweli nilijivuna. Nilijivuna na kuogopa pamoja.

Na watu walikuja. Walikuja kwa saa iliyoandikwa, jambo ambalo hapa sijaliona hata kwenye harusi. Walikuja kuangalia. Walikula kuku wakimtazama Donatien kati ya tonge na tonge. Muziki ulipigwa, hakuna aliyecheza. Mama Kapinga alifika pia. Hakukaa. Alisimama kwenye lango na mkoba wake mkononi, Nadège akampelekea kiti, akakiacha hivyo hivyo.

Baada ya chakula, ushuhuda. Pasta alimpa Donatien kipaza sauti ili aeleze shetani alivyomdanganya na Yesu alivyomfungua. Tunazijua shuhuda hizo. Mtu analia, watu wanapiga makofi, keki inakatwa, mambo yamekwisha.

Donatien alisimama. Nadège akaniangalia, mimi nikaangalia chini.

"Pasta anataka niseme ni shetani," akasema. "Haikukuwa shetani. Ilikuwa minye. Nilipanda, nilikata nsinga ya umeme, na nilijua ni ya kwetu. Nilijua Mama Kapinga iko na samaki. Nilijua, na nilikata."

Pasta akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Donatien hakukitoa.

"Siko na kitu ya kulipa. Nalomba musamaha. Kama haiko, haiko."

Akakaa. Hakuna makofi. Muziki ulipaswa kuanza hapo, haukuanza. Mtoto fulani akaomba kuku tena, mama yake akamziba mdomo.

Mama Kapinga akasema kutoka langoni, "Nimesikia." Basi. Akageuka, akaenda kwake. Hakula hata punje.

Nusu ya watu wakamfuata. Waliobaki wakaanza kuongea, kwanza chini chini, kisha kama watu. Mwanamume mmoja, fundi wa kiwandani anayekaa mwisho wa mtaa, alikuja akamshika Donatien mkono, akauacha, akaondoka. Keki ilibaki nzima. Walimu waliandika, wakaandika.

Nadège analia chumbani. Anasema papa amemharibia kazi yote. Mimi leo nimemwona mume wangu. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu, hata kabla ya Buluo.

Jumatatu, 23 Juni

Mikate. Watu wananunua bila kuniangalia, au wananiangalia mno. Nadège hasemi na baba yake. Donatien ametengeneza bawaba ya mlango, halafu akakaa, halafu akasimama. Hajui aweke wapi mikono. Amelala saa saba mchana kama mgonjwa.

Ninawapikia wote wawili. Wanakula kwa zamu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimerudia mtihani. Taa iliwaka. Mwalimu Ilunga akaigonga, akaitikisa, akaiangusha juu ya meza. Ikaendelea kuwaka. Nimefaulu.

Nilitaka kufurahi, lakini kwanza nilihitaji kukaa. Nilikaa pale barazani pa shule mpaka mlinzi akaniuliza kama ninamngoja mtu.

Jioni nilimwambia Donatien. Akasema, "Aksanti." Si neno la mahali pake, lakini nimelipokea.

Jumamosi, 28 Juni

Matokeo ya Nadège yametoka. Wamemkata alama kwa sababu programu haikufuatwa. Kwa kupokea wageni wamempa alama ya juu kuliko wenzake wote. Amefaulu, lakini kwa kuponea chupuchupu. Amerudi, ameingia chumbani kwangu, amejitupa kitandani na viatu. Sikumwambia avivue. Nimelala kando yake na daftari hili tumboni. Mchana, mlango wazi.

Nje Donatien anafua mashuka. Hajawahi kufua tangu tuoane. Sabuni imemwishia, nimemsikia akikwaruza sufuria ya sabuni. Asingeweza kuingia kuniomba mimi, anadhani tumelala. Akasogea ukutani.

"Mama Kapinga," akaita. "Munisaidiye sabuni."

Nadège ameinua kichwa. Mimi pia. Upande wa pili kuku wanaparura, mtu anaburuta kigoda. Donatien hakuita mara ya pili.

Kisha kitu kimeanguka upande wetu, kwenye mchanga. Ninamsikia akikiokota, akikipangusa vumbi. Sasa ninasikia maji, na shuka likisuguliwa.