Chumvi ya Mjomba Mhando

Kambi ya Mkonge,
Korogwe.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute unatembea shambani kwa miguu yako, na mvua za huko Kwedizinga zimelainisha ardhi. Yale maumivu ya kisogoni yameacha? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Kama darasa la watu wazima limekufikisha pa kusoma mwenyewe, soma polepole. Kama unasomewa, msomaji asiruke neno.

Mama, ndugu yako Mhando amepooza upande wa kulia. Najua habari imekwisha kufika kwa mdomo, na nasikia unataka kuuza mbuzi uje na mganga. Nisikilize kwanza mimi niliyekuwa nampikia.

Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi hii ya upishi kambini, kwa hiyo sahani yake niliiandaa kando. Kila siku alisema, "Athumani, ongeza chumvi. Mkata mkonge anatoka jasho, chumvi ndiyo inamrudishia nguvu." Nami naongeza. Akishakaa hunyunyiza nyingine mbichi juu ya ng'onda, samaki ambaye tayari amekaushwa kwa chumvi. Nilifurahi kumwona anakula. Nilidhani ndiyo shukrani yangu kwake.

Akaanza kulalamika kichwa, akasema ni jua. Asubuhi moja akaanguka katikati ya mistari ya mkonge, wenzake wakambeba. Hospitalini wakampima, wakasema ni presha, na imempanda siku nyingi bila mwenyewe kujua.

Nesi mmoja wa makamo akaniuliza, "Nani anampikia?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Alijaza chumvi kwenye kijiko cha chai, akaisawazisha kwa kidole mpaka ikalingana na ukingo. "Hii ndiyo ya mtu mzima kutwa nzima, asizidishe. Na humu uhesabu ya mboga, ya samaki, hata magadi ya kwenye mlenda. Huyu wako apate pungufu ya hapa."

"Na jasho?"

"Jasho linataka maji. Chumvi iliyomo kwenye chakula inamtosha."

Mama, kijiko kile mjomba alikimaliza kwenye sahani moja ya mchana, na mkono uliomtilia ni huu unaokuandikia.

Nilimrudisha kambini anaongea, mdomo umepinda kidogo. Nikampikia mchicha kwa nyanya na ndimu. Akasukuma sahani. "Unanilisha majani kama mbuzi." Siku ya nne alilia, mama. Mjomba, aliyekuwa anasimamia wakataji wote wa upande wetu, analilia chumvi! Nilikataa. Akamwomba jirani, naye kwa huruma akamletea ng'onda na chumvi kwenye karatasi. Nilipomnyang'anya akaniita mchoyo, akasema angejua asingenitoa nyumbani.

Wiki ile ile akaanguka tena. Nilimuuliza nesi kama ni ile chumvi ya jirani. Akasema hawezi kujua, ugonjwa ni wa miaka. Tangu hapo mjomba hatamki neno. Namlisha uji, ananitazama, na mimi sijui kama amenisamehe au bado ana hasira.

Kwa hiyo usiuze mbuzi. Hakuna mtu aliyemfanya kitu. Hicho kichwa chako cha kisogoni ndicho kinachonitisha sasa, maana mmezaliwa tumbo moja na mmelelewa kwenye chungu kimoja. Nenda zahanati ukapimwe presha. Punguza chumvi, punguza na magadi, hata mlenda ukikushinda kumeza. Siku za mwanzo utaona chakula hakina ladha. Vumilia, mama.

Nisalimie dada Mwanahawa na watoto wake, na mzee balozi wetu wa nyumba kumi. Jirani mnayetwanga naye mwambie salamu zake zimefika.

Mkaza mjomba Mwanaisha mweleze taratibu, umkalishe kwanza. Mwambie mumewe anameza uji vizuri, lakini asije akitegemea kujibiwa. Akifika amkalie upande wa kushoto, amshike mkono, aongee naye habari za nyumbani hata kutwa nzima. Kusikia, bado anasikia.

Mwanao,
Athumani